Rafiki Asiyeonekana na Asiyetii: Hotuba kuhusu Riwaya ya Watoto ya Kuchekesha

Waheshimiwa waandishi, wahariri, walimu, wakutubi na wazazi,

Nimeombwa nizungumzie riwaya ya kuchekesha ya watoto ambayo mhusika wake mkuu ni mtoto mwenye rafiki wa kubuni, yaani yule rafiki ambaye hakuna mwingine nyumbani anayemwona, ila kila mtu hulazimika kumpisha njia. Wazo hili huwavutia waandishi wengi wanaoanza kwa sababu linaonekana jepesi: mtoto mmoja, sauti moja ya ziada, na watu wazima wanaobabaika. Hata hivyo, miswada inayotokana nalo mara nyingi huchekesha kwa sura mbili za kwanza kisha hupoa. Hoja yangu leo ni kwamba hupoa kwa sababu rafiki huyo ni mtiifu kupita kiasi. Huja anapoitwa, hucheka mtoto anapocheka, hukubaliana naye katika kila jambo, na huondoka mara mwandishi anapomchoka. Rafiki wa namna hiyo hawezi kuibeba riwaya, na tena hafanani kabisa na marafiki wa kubuni ambao watoto wa kweli huishi nao.

Nianze na hao watoto wa kweli. Mwanasaikolojia Marjorie Taylor wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, ametumia miaka mingi kuwahoji watoto kuhusu marafiki wao wasioonekana, na mwaka 1999 alitoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Katika utafiti uliochapishwa naye na wenzake mwaka 2004, ilibainika kwamba asilimia 65 ya watoto waliohusika walikuwa wamewahi kuwa na rafiki wa kubuni kabla ya kuvuka umri wa miaka saba, wakihesabiwa pia wale ambao rafiki yao alikuwa mwanasesere au mnyama wa kitambaa aliyepewa sauti na tabia zake mwenyewe. Kwa hiyo mhusika wetu si mtoto wa ajabu, na mwandishi hana haja ya kumtafutia kidonda cha moyoni ili kueleza kwa nini rafiki huyo yupo. Zamani wazazi, na hata baadhi ya wataalamu, waliliona jambo hili kuwa dalili ya upweke au ya kasoro fulani, na miswada mingi bado inaandikwa kana kwamba fikra hiyo haijapingwa. Imepingwa. Watoto wenye marafiki hao hawajaonekana kuwa wenye haya kuliko wenzao, na wanafahamu vizuri sana kwamba rafiki yao si wa kweli. Taylor anaeleza jinsi baadhi yao walivyokuwa wakimkumbusha mhoji, katikati ya mazungumzo, kwamba huyo wanayemzungumzia ni wa kujifanya tu. Nadhani walianza kumhurumia mtu mzima aliyekuwa akiandika kila neno kwa makini namna ile.

Lililo na faida kubwa zaidi kwetu sisi waandishi ni tabia za marafiki wenyewe. Ungetazamia kwamba mtoto, akiwa na uhuru wa kujiundia rafiki, angejiundia mtumishi mwema. Sivyo ilivyo. Katika mahojiano hayo watoto wengi wanalalamika. Rafiki anakataa kuja anapohitajika na anakuja asipotakiwa, anapiga kelele, anachukua nafasi kubwa kitandani, anabisha, hataki kugawana, na wakati mwingine amekwenda zake mahali bila kuaga. Mtoto anayasema hayo kwa uchovu wa mtu mwenye mpangaji msumbufu. Anajua kwamba yeye ndiye anayemtunga, na papo hapo hawezi kumtawala.

Hali hiyo si ya watoto peke yao. Taylor na wenzake waliwahoji pia waandishi 50 wa hadithi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, na asilimia 92 kati yao walisema wamewahi kuhisi, angalau kwa kiasi fulani, kwamba wahusika wao wana akili na utashi wao wenyewe: wanakataa kufanya walichopangiwa, wanajibizana na mwandishi, wanasema maneno ambayo mwandishi hakuyatarajia. Basi sisi tulio katika ukumbi huu hatuna sababu ya kumshangaa mtoto. Tunafanya kazi ileile anayoifanya yeye, tofauti ni kwamba yeye haombi malipo ya awali.

Nitatoa mfano niliojitungia kwa ajili ya mazungumzo haya. Tuna msichana wa miaka minane, Zaituni. Rafiki yake asiyeonekana anaitwa Mzee Kifungo. Si mtoto mwenzake wala si mnyama mwenye manyoya ya zambarau. Ni mzee mstaafu, mwenye magoti mabovu, anayechukia kuharakishwa. Nimemchagua mzee kwa makusudi, kwani umri wake unageuza mpangilio wa heshima nyumbani. Rafiki wa kubuni aliye mtoto anaweza kuambiwa anyamaze. Mzee haambiwi anyamaze, haachwi asimame watu wengine wamekaa, na mtu hapiti mbele yake bila kumwamkia. Wazazi waliomfundisha binti yao adabu sasa wamefungwa na mafundisho yao wenyewe.

Tazameni tukio moja kwa karibu. Familia inatoka asubuhi, mvua inanyesha, na wote wamekwisha kuingia garini. Zaituni anasema kwamba Mzee Kifungo hajaingia. Baba, ambaye ameamua wiki hiyo kuwa mzazi mwenye subira, anashuka, anazunguka gari, anafungua mlango wa nyuma na kusimama ameushika huku maji yakimtiririka shingoni. Anakadiria kimoyomoyo muda unaomtosha mtu mwenye magoti mabovu kupanda na kuketi, kisha anauliza, “Tayari?” Zaituni anamtazama kwa mshangao. “Baba, bado anafunga kamba za viatu.” Baba anangoja. Jirani anapita na mwavuli, anamsalimu, anauona mlango ulio wazi na kiti kitupu, anauliza kama kuna tatizo. “Hapana,” anasema Baba, “tunamsubiri mzee mmoja.” Jirani, kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, naye anasimama kumsubiri. Dakika zinapita, wanaume wawili wazima wako mvuani, hata Zaituni anapotangaza kwamba Mzee Kifungo ameghairi safari, kwa sababu hapendi kuendeshwa na mtu mwenye haraka.

Katika tukio hilo hakuna anayemcheka mtoto. Zaituni hafanyi mzaha hata kidogo, anatoa taarifa. Baba si mjinga, wala jirani si mjinga. Kila mmoja anachukua hatua moja ndogo ya busara na adabu, na hatua hizo zikipangwa moja juu ya nyingine zinazaa upuuzi mkubwa. Muhimu zaidi, mwendo wote unatokana na kukataa kwa Mzee Kifungo. Lau angekuwa mtiifu angeingia garini mara mlango ulipofunguliwa, nasi tungebaki na kichekesho cha sentensi moja. Kwa kuwa amekataa, sura inayofuata imeshajiandika: amebaki nyumbani peke yake siku nzima, na jioni mtu atapaswa kueleza ni nani aliyeacha redio imewashwa.

Hapo nataka niseme neno juu ya kichekesho kilichozoeleka mno katika riwaya za aina hii, yaani kile cha kumsingizia rafiki makosa. Glasi imevunjika, mtoto anasema si yeye, ni yule asiyeonekana. Msomaji wa miaka tisa anakiona kichekesho hicho kikija tangu ukurasa uliotangulia, na huenda aliwahi kukitumia mwenyewe. Geuzeni mambo. Mama anauliza nani amevunja glasi. Zaituni anasita, anageukia upande wa kiti kisicho na mtu, anasikiliza, anajaribu kubisha kwa sauti ya chini, kisha anakubali kwa uchungu: “Mzee Kifungo anasema nikuambie ni mimi.” Kwa mara nyingine rafiki ameasi, na safari hii uasi wake ni uaminifu. Mama naye hana namna ya kumwadhibu binti yake bila kwanza kumshukuru mtu asiyekuwepo.

Uasi huo, hata hivyo, unahitaji mipaka, na mpaka wa kwanza ni maarifa. Rafiki wa kubuni hawezi kujua jambo ambalo mtoto halijui. Anaweza kudai analijua, na humo ndimo mwenye uchekeshaji wa hali ya juu ambao waandishi wengi hawauchimbi. Mzee Kifungo anasema alikuwa nahodha wa meli kwa miaka mingi. Mjomba, ambaye anapenda mambo ya bahari, anauliza alikuwa akisafiri katika bahari gani. Zaituni anasikiliza, kisha anajibu: “Ile yenye maji.” Meli ilikuwa kubwa kiasi gani? “Ilikuwa na ngazi.” Na aliacha kazi kwa nini? “Walimwambia aoge.” Kila jibu la mzee limefinyangwa kwa udongo wa akili ya mtoto, na msomaji anapata picha ya ndani ya Zaituni, yale anayoyajua, yale anayoyaogopa na yale aliyoyasikia nusu nusu nyuma ya mlango, bila mwandishi kulazimika kuandika aya moja ya maelezo. Mwandishi anayempa rafiki huyo ujuzi wa kweli wa ubaharia ameivunja riwaya bila kujua.

Mpaka wa pili ni wa kimaumbile: je, anaweza kusogeza kikombe? Jibu lolote linafaa, mradi liamuliwe mapema na lisibadilishwe kwa sababu tu mwandishi amekwama katika sura ya saba. Kikombe kikisogea chenyewe mbele ya shahidi, tumeingia katika hadithi ya ajabu, na sheria zake ni nyingine. Astrid Lindgren wa Uswidi, katika kitabu chake cha mwaka 1955 kuhusu mtu mdogo mnene mwenye rafadha mgongoni anayeishi juu ya paa, aliwaacha wazazi waamini kwa muda mrefu kwamba mtoto wao amejitungia jamaa huyo, kisha mwishoni akawafanya wamwone kwa macho yao. Kicheko kikahama kutoka kwa mtoto anayesadikiwa kuwa mzushi kwenda kwa familia ambayo sasa ina siri ya kutunza. Bill Watterson, katika katuni zake za magazetini zilizotoka kuanzia mwaka 1985 hadi 1995, alifanya kinyume chake. Mvulana anamwona chui milia aliye hai, watu wengine wote wanaona mwanasesere, na kwa miaka kumi mchoraji hakupendelea upande wowote. Njia hizo mbili ni ngumu sawasawa. Ile ambayo siishauri ni ya kusitasita, ambapo kikombe kinasogea kidogo, halafu inasemekana huenda ulikuwa upepo.

Kuhusu msimulizi nitasema machache. Nafsi ya kwanza ya mtoto inampa mwandishi joto lakini inamnyima umbali, kwani mtoto hawezi kuona jinsi baba yake anavyoonekana akiwa amesimama mvuani. Kumpa rafiki mwenyewe usimulizi ni mbinu yenye kuvutia, ila hudai nguvu nyingi, kwa kuwa anayesimulia lazima aijue au asiijue hali yake mwenyewe, na kila sentensi itategemea jibu la swali hilo. Mimi napendelea msimulizi wa nje aliye karibu sana na mtoto, anayeripoti maneno ya rafiki kupitia kinywa cha mtoto pekee. Neno “anasema” ndilo litakalofanya kazi kubwa. Zaituni anakuwa mkalimani, na mkalimani ana madaraka makubwa: anafupisha, anapunguza makali, anachelewesha, na wakati mwingine anakataa kutafsiri. Mjomba anatoa hotuba ndefu ya kumkaribisha Mzee Kifungo, kisha Zaituni ananyamaza. “Kasema nini?” anauliza Mjomba. “Hajasema kitu,” anajibu Zaituni, “lakini ametazama saa.”

Tukifika kwa watu wazima, tumefika mahali ambapo riwaya hii hufaulu au hufa. Wengi huwagawa mafungu mawili: mzazi mkali anayekanusha na mzazi mwema anayekubali. Mgawanyo huo ni maskini. Fikirieni badala yake mtu mwenye bidii kupita kiasi, kama huyo Mjomba, anayetaka kupendwa na mtoto, hivyo anatangaza kwamba naye anamwona Mzee Kifungo. Anampungia mkono, anamsifu koti lake, anamsogezea kiti. Zaituni anakereka sana, na si kwa sababu Mjomba anadanganya, maana hilo analijua. Anakereka kwa sababu Mjomba anamsogezea kiti mtu asiye yeye: Mzee Kifungo yuko upande wa pili wa chumba, na wala hana koti. Mtu mzima amejaribu kuuingia mchezo bila kujifunza sheria zake, naye anarekebishwa kwa upole unaoumiza kuliko kelele.

Kisha kuna Bibi. Bibi hamwamini Mzee Kifungo kuwa yupo, lakini hakubali hata kidogo kwamba amemzidi umri. Ubishi wao, unaoendeshwa kupitia kwa Zaituni, unaweza kupita katika riwaya nzima kama uzi. Bibi anamtega kwa maswali ya zamani, Mzee Kifungo anakwepa kwa kudai kwamba siku hiyo alikuwa amelala, Bibi anamwita mwongo, halafu usiku, akidhani hakuna anayesikia, anamuuliza magoti yake yanaendeleaje. Mhusika kama huyo ana thamani kuliko wazazi kumi waelewa. Hamkubali rafiki wala hamkani. Anagombana naye, na kugombana na mtu ni kumpa heshima kamili ya kuwa mtu. Watoto wanaosoma huliona hilo mara moja.

Nimetaja wasomaji, na ni vyema tuwaangalie ni akina nani. Riwaya fupi ya kuchekesha husomwa zaidi na watoto wa kati ya miaka minane na kumi na miwili, na wengi wao wametoka punde katika umri ambao marafiki hawa hushamiri, huku wengine wakiwa bado nao ila hawasemi mbele ya wenzao. Hawamsomi Zaituni kama mgeni. Wanacheka kwa kuwa wanazijua sheria za mchezo kuliko watu wazima wote waliomo kitabuni, na labda kuliko mwandishi. Kwa sababu hiyo, utani wowote unaomfanya mtoto aonekane mpumbavu kwa kuwa na rafiki huyo unamtusi msomaji moja kwa moja, naye atakifunga kitabu bila kutuandikia barua ya kueleza kwa nini.

Niingie katika suala la kuondoka, ambalo nalizungumzia kwa ukali kidogo kwa sababu limeharibu miswada iliyokuwa mizuri. Karibu kila mwandishi anataka sura ya mwisho iwe ya kuagana: mtoto amekua, amepata rafiki wa nyama na damu, na yule asiyeonekana anapunga mkono kutoka dirishani huku akififia. Kitabu kilichokuwa kikichekesha kwa sura kumi na mbili kinageuka ghafla kuwa mazishi, na mtoto anafundishwa kwamba kucheza kulikuwa ugonjwa ambao sasa amepona. Ukweli wa watoto ni tofauti na unachekesha zaidi. Mara nyingi marafiki hawa huacha tu kutajwa, bila sherehe, na wapo watoto ambao baadaye hawakumbuki hata kwamba waliwahi kuwa nao. Wanaobaki wakikumbuka ni wazazi.

Basi mjaribu hivi. Kwa sura mbili mfululizo msimtaje kabisa Mzee Kifungo, na msiseme kwamba hamumtaji. Kisha siku moja, gari likiwa limejaa na mvua inanyesha, Baba anashuka bila kuambiwa, anafungua mlango wa nyuma na kusubiri. Zaituni anamuuliza anamsubiri nani. Baba anamjibu. “Ah,” anasema Zaituni, “yeye siku hizi ana kazi.” Kazi gani? Hajui, hakumuuliza. Baba anafunga mlango akiwa amekasirika, kwa kuwa mtu aliyesubiriwa namna ile angeaga angalau. Rafiki ameasi hadi mwisho, mtoto hakupona kitu chochote kwa sababu hakuwa mgonjwa, na aliyeachwa na kilio, ikiwa kipo, ni yule aliyekuwa akikanusha kwa nguvu kuliko wote katika sura ya kwanza.

Limebaki suala la michoro, ambalo wahariri huniuliza kila mara: mchoraji amchore rafiki au asimchore? Ushauri wangu ni kwamba asimchore, bali achore nafasi yake. Mto uliobonyea, kiti kilichovutwa nyuma kidogo, macho ya paka yaliyoelekezwa mahali pasipo na kitu. Mkimchora, kila msomaji atakuwa na Mzee Kifungo mmoja tu, yule wa mchoraji. Ikiwa msimulizi wenu ni rafiki mwenyewe, ushauri huo haufai, na mtapaswa kumchora tangu jalada.

Mchana huu tutasoma miswada yenu kwa sauti katika vikundi. Nawaomba mchague ukurasa mmoja wenye majibizano kati ya mtoto, mtu mzima na rafiki asiyeonekana, na yule atakayesoma maneno ya mtoto asimame mbali na kiti kitupu tutakachokiweka katikati. Wasikilizaji waandike pembeni kila mahali ambapo rafiki amefanya alichoambiwa. Ukurasa wenye alama nyingi za namna hiyo utaandikwa upya kabla ya saa kumi, na wenye vikundi watakuwa na nakala za ziada.